Mpambe Bila Bibi Arusi

Usiku niliutundika mtindi
kwenye kipande cha leso kuukuu,
ile iliyofutika maneno yote ikabaki "usinione",
fundo kwenye msumari wa dirisha,
bakuli chini.
Ukadondoka. To. Kimya. To.
"Mfereji gani huo?" Lali akauliza gizani.
Lala, nikamwambia, si mfereji,
ni maziwa yanapunguza uzito.
Akajigeuza. Kitanda kikalia.
Alijua ni yeye niliyemsema.

Juzi nesi Kadzo alimchorea sahani
nyuma ya kadi ya kliniki,
akaikata kati kwa kalamu nyekundu:
nusu mboga, robo samaki,
na robo iliyobaki akaitazama kidogo
kabla hajaandika: wali, kiasi cha ngumi.
"Ngumi ya nani?"
Lali akaikunja yake, ngumi ya fundi chokaa,
miaka arobaini ya kuta za Mkomani na Langoni.
Nesi akaikunja ya kwake.
Ilikuwa kama kitumbua.
Tulirudi nyumbani bila kusemezana,
punda wa mchanga akatupita, tukampisha.

Mtindi ni wa Dhahabo, avukaye kutoka Mokowe
na madumu yake mawili ya njano,
lakini maziwa huyalaza kwanza kwenye kibuyu
kilichofukizwa, kwa hiyo yananukia moshi,
moshi wa mbali, wa ng'ombe wasioijua bahari.
Matango ni ya Mpeketoni.
Nimeyaparuza, nimeyatia chumvi, nimeyaacha yalie.

Mambo haya nilifundishwa Shela,
enzi nikiosha vyombo nyumba ya wageni,
na mpishi wa Kigiriki, Bibi Evanthia,
mwanamke wa mabega, mwenye Kiswahili cha maneno kumi.
La kwanza kulijua lilikuwa "kamua".
Kamua! Nikakamua.
Kamua tena! Nikamwonyesha viganja: vikavu.
Akalichukua tonge lile la tango mkononi mwangu,
akalibana mara moja tu,
likatoa maji ya kujaza kikombe cha kahawa.
Tangu siku hiyo siamini kitu kinachosema kimekwisha.

Jina la chakula alilitamka kama anayefukuza paka:
zaziki, zaziki.
Yeye alitia majani membamba kama manyoya ya kifaranga.
Mimi nina nanaa, kwenye kopo la rangi, darini.
Natia ndimu. Natia kitunguu thaumu, punje moja na nusu.
Na mafuta ya zeituni, kichupa kile kile
mama alichotukandia migongo tukiwa wachanga,
leo nayamimina juu, uzi mmoja, mkono ukisitasita
kana kwamba nampikia mtu dawa.

Mchana nikatandika mkeka.
Mkate wa mofa, wa mtama. Changu wa kuchoma.
Bakuli jeupe katikati.
Lali akaliinamia, akanusa, akatazama mlangoni
kama anayesubiri sinia lingine liingie.
Maana kwetu tango na maziwa
huandamana na biriani, hukaa kando yake,
humpoza, humsifu, basi.
"Mpambe amekuya," akasema.
"Bibi arusi yuwapi?"

Sikuwa na jibu.
Mchovya asali hachovyi mara moja, walisema wa kale;
juu ya mtindi hawakusema kitu.
Nikamega, nikachovya, nikala mwenyewe,
nikimwangalia asivyoniangalia.

Kisha akachukua kijiko,
akakigeuza mgongo,
na juu ya kipande cha mofa akaanza kulainisha,
taratibu, kutoka ukingoni kwenda kati,
kama vile alivyolainisha kuta
kabla kifundo cha mkono hakijamkataa.
Akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha
kutazama kama kuna mahali amekosa.
Palikuwa na pengo. Akalijaza.

"Kitunguu thaumu," akasema, mdomo umejaa,
"umekifanyia uchoyo."